Kijiko cha Wifi

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nililinunua kuandika saa za kunywa maziwa za mtoto. Nesi alitaka kila chupa iandikwe na kila nepi iandikwe. Nikaandika siku kumi na moja, nikachoka. Kurasa zimebaki tele, mvua imeanza leo, na wifi ameanza mazoezi ya mbio ndefu. Basi zilizobaki ni za wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu. Anakaa nasi, chumba cha nyuma, kile ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Kazi yake ni kuuza magodoro. Mume wangu humtania kwamba ndiye mtu pekee anayeshinda katikati ya magodoro na hajui kulala. Na ni kweli. Mlango wa nyuma ukilia alfajiri najua ameshatoka, viatu mkononi ili asimwamshe mwanangu, Bonge, anavivalia kule nje kwenye ngazi.

Mbio ni tarehe 18 Mei, kilomita arobaini na mbili. Klabu yao inapeleka wanawake wanne, watatu wanajulikana. Nafasi ya nne ni ya wifi kama ataweza kukimbia kilomita thelathini chini ya saa mbili na nusu. Kocha atampima mara tatu. Akishindwa zote, nafasi inakwenda kwa mwalimu wa chekechea aliye nyuma yake. Miaka mitatu mfululizo wifi amekwenda kwenye mbio hizo kubeba mabegi ya wenzake. Hajawahi kulalamika, na hicho ndicho kinachoniuma mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Kocha alipita jioni na kopo. Mchana yeye hufundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo hata akiongea habari za mwili anaongea gia na breki. Kopo ni la poda ya kinywaji cha wakimbiaji, ladha ya limau, klabu ndiyo imeanza kuitumia mwaka huu. Akaeleza kwamba mtu akikimbia zaidi ya saa moja na nusu, sukari iliyo mwilini inakwisha na chumvi inatoka na jasho, akikosa vyote viwili miguu inazima hata kama moyo unataka. Sikuwa nalijua hilo. Nilidhani wakimbiaji wanakunywa vile ili wapendeze kwenye picha.

Wifi akasema atakuwa anachanganya mwenyewe. Nikamwambia wewe kimbia, jikoni ni kwangu. Kabla ya mtoto nilikuwa mpishi wa shule ya bweni, watoto mia mbili na themanini, sufuria za kuingia mtu. Sitashindwa na kopo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nepi hazikauki.

Jumatano, 5 Machi

Nimechanganya chupa ya kwanza. Kopo limeandikwa vijiko viwili vilivyosawazishwa kwa nusu lita ya maji. Ndani kuna kijiko chake cha plastiki. Nikachota viwili vya kujaa, vile vya kupanda kilima juu. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Kule shuleni mtoto mwembamba akifika dirishani, mkono wenyewe ulikuwa unaongeza kabla sijaamua. Na wifi ni mwembamba, mabega yake ukiyatazama kwa nyuma ni kama hanga ya koti.

Alionja akasema, "Wifi, mbona tamu hivi?"

Nikamwambia vitu vya dukani ndivyo vilivyo. Akacheka, akanywa.

Jumatatu, 10 Machi

Jirani wa duka la magodoro ni ukumbi wa kunyanyua vyuma. Mwenyewe wanamwita Misuli, na shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega moja kwa moja kama chungu kwenye mafiga. Ana kabati la makopo ya poda. Leo amempa wifi kopo jeupe lisilo na maandishi, bure, mradi akishinda apige naye picha ya kubandika ukutani. Amesema ndilo wanalotumia wanaoshinda.

Wifi akalirudisha papo hapo. Amenisimulia tukiwa tunakunja nguo. "Nilimwambia, kama kopo linaona haya kusema lina nini, na mimi naona haya kulinywa."

Nimecheka mpaka Bonge akashtuka. Kuna watu wana msimamo na nyuso zao zimekunjamana. Wifi anao akiwa anacheka.

Alhamisi, 13 Machi

Bonge ameota jino. Hakuna aliyelala isipokuwa baba yake.

Jumapili, 16 Machi

Jaribio la kwanza. Njia ni duara la kilomita tano, wanalizunguka mara sita. Nilisimama kwenye kona yenye tangi la maji, Bonge mgongoni, mwavuli mkono mmoja na chupa mkono wa pili. Kila duara wifi alipita akanyakua chupa, akanywa, akairudisha bila kusimama, na kila mara alimvuta Bonge kidole cha mguu. Mizunguko minne hivyo hivyo. Kocha kwenye saa yake alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Mzunguko wa tano hakufika. Tukamkuta kilomita ya ishirini na mbili, ameinama, mikono tumboni, ametapika kwenye majani. Alijaribu kukimbia tena. Hatua kumi, akainama tena.

Kocha akaniuliza kinywaji nachanganya vipi. Nikajibu, "Kama kopo linavyosema."

Nilipotamka hivyo sikuona kama nadanganya. Viwili ni viwili. Kilima kidogo juu yake nani anakihesabu?

Jumatatu, 17 Machi

Wifi amekwenda mazoezini kama kawaida. Mlango ukalia saa ile ile.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo, ya baridi. Wifi anarudi midomo myeupe. Nimeona mtu anayelowa hivi anahitaji nguvu zaidi. Nimeongeza kijiko cha tatu. Sikumwambia, angekataa, yeye ni mtu wa kukataa vya ziada. Hata nyama huigawa mara mbili, nusu anarudisha sufuriani akidhani sioni.

Jumanne, 25 Machi

Siku hizi mbio fupi za asubuhi hazimpi shida, mafunda mawili matatu na amerudi. Ni zile ndefu ndizo zinazomkataa. Ameacha chai ya maziwa akidhani ndiyo. Jana ameacha mayai. Leo ameniuliza kama katika familia yao, nijuavyo mimi, kuna mtu mwenye tumbo bovu. Nikamwambia kaka yako anakula mawe na analala. Akatabasamu kidogo tu.

Ninamtazama zaidi kuliko zamani. Nilipoolewa nilimwona mtu wa kimya, wa kujiweka mbali. Nikadhani ananidharau kwa kuwa sikuendelea na shule. Leo nimemkuta ameketi kwenye ngazi anasafisha tope kwenye viatu vyake kwa mswaki wa zamani, taratibu, mshono kwa mshono, kisha akachukua na viatu vyangu vya sokoni akavisafisha vivyo hivyo. Hakusema kitu. Ukimya wake ndio huo. Mikono ndiyo inayoongea.

Jumamosi, 29 Machi

Bonge kapimwa, kilo saba na nusu. Nesi kafurahi. Kasema maziwa nayachanganya vizuri.

Jumapili, 6 Aprili

Jaribio la pili. Mvua ilinyesha tangu mwanzo. Niliona maji yale nikajaza vijiko vitatu mpaka poda inamwagika mezani.

Kilomita ya kumi na tisa.

Safari hii hakujaribu tena. Alitembea kurudi mpaka kwenye tangi, Kocha akamvisha koti lake la mvua. Mwalimu wa chekechea alikuwa akipita, akasimama, akamshika mkono. Wifi akamwambia aendelee, atapoteza muda. Yeye mwenyewe anatetemeka, na anafikiria muda wa yule atakayechukua nafasi yake.

Kocha alisema liko jaribio moja limebaki, tarehe 27. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtu kurudi nyuma na gari kwenye uchochoro, kwamba pengine kuna miili haikuumbwa kwa umbali huo, na si aibu. Wifi akaitikia, "Sawa, Kocha."

Nyumbani alioga, akakausha nywele, akashika pasi akampigia kaka yake shati la kesho. Nikamnyang'anya pasi. Nikampa Bonge ampakate badala yake. Mtoto akalala kifuani kwake, na yeye akawa anatazama ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Misuli. Nimechukua kopo jeupe. Niandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nitaandika yote, ili kesho nisije nikajipunguzia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Wifi yuko dukani, mume wangu kazini. Mezani nilikuwa nimeweka chupa ya wifi, kopo la limau, na lile jeupe la Misuli limefunguliwa. Poda yake ya kijivu, haina harufu. Misuli alisema nusu kijiko tu, hataisikia kabisa. Neno hilo, hataisikia, ndilo lililonichelewesha. Nikakaa nalitazama. Nikawa najiambia nafanya kwa kumpenda. Nikachukua kijiko.

Bonge akalia. Njaa. Nikaacha kila kitu nikatengeneza maziwa yake hapo hapo, meza ile ile. Maji ya kuchemsha yaliyopoa, kopo lake, kijiko chake. Nikachota, nikachukua kisu cha meza, nikapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, poda iliyozidi ikarudi ndani ya kopo. Kijiko cha pili hivyo hivyo. Cha tatu. Nesi alinifundisha siku ya kwanza: ukizidisha, maziwa yanakuwa mazito, tumbo la mtoto linashindwa, linavuta maji ya mwili kuja kuyapunguza, mtoto anaumwa, anatapika. Tangu siku hiyo sijawahi kuchota bila kisu. Hata nikiwa nimesinzia wima.

Kisu kikiwa mkononi nikaona kopo la limau. Vijiko viwili vilivyosawazishwa.

Nilisimama pale mtoto analia na mimi simsikii. Anatapika. Tumbo linashindwa. Kilomita ishirini na mbili kwa vijiko viwili vya kilima, kumi na tisa kwa vitatu. Kila nilivyoongeza, ndivyo alivyoanguka mapema. Mtoto nimempa kipimo. Wifi nimempa huruma, nikaikoroga na limau.

Nikamnywesha Bonge. Kopo jeupe nikalifunika. Nikakaa kumngoja.

Alipoingia alikuwa amelowa, akanisalimia, akaona uso wangu, akauliza mtoto ana nini. Nikamwambia mtoto mzima. Nikamwambia keti. Nikamweleza vijiko, kilima, cha tatu, na jibu nililompa Kocha. Kisha nikasukuma kopo jeupe mbele yake nikamweleza na hilo, nilipolitoa na nililotaka kulifanya.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alichukua kijiko cha plastiki akakigeuza geuza kwenye vidole.

"Wifi," akasema, "wiki tano nzima nimejiona mimi ndiye mbovu."

Nikaomba radhi. Akanyanyua kopo jeupe.

"Vijiko ni kosa la mpishi, hilo nalielewa. Hili hapa si upishi. Wangenipima mkojo, wangenifungia maisha, na mimi ningeapa mbele za watu kwamba sijala kitu. Ungeniapisha uongo bila mimi kujua."

Akavaa tena viatu vilivyolowa, akalirudisha mwenyewe kwa Misuli. Alipotoka mlangoni akasema bila kugeuka kwamba Kocha nitamwambia mimi, si yeye.

Alhamisi, 10 Aprili

Haongei nami. Viatu vyangu amevisafisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Kocha, nikamkuta anamfundisha mwanafunzi kuegesha. Nikasema pale pale dirishani, Bonge mgongoni, na mwanafunzi anasikiliza. Kocha akazima gari mwenyewe. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepata funguo alizozitafuta mwezi mzima. "Mama, wewe umeizamisha injini kwa mafuta, na mimi nimekaa namlaumu dereva." Kisha akaacha kucheka. Akasema neno lile alilomwambia wifi juu ya mwili wake lazima alifute mwenyewe, na alikuja jioni akalifuta, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Wifi akamkaribisha ndani. Na mimi akanitazama kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Jumapili nakimbia ndefu," akasema. "Utanichanganyia wewe. Kisu kiwe karibu."

Ningekuwa mimi, nisingemrudishia mtu kijiko.

Jumapili, 13 Aprili

Kilomita ishirini na sita. Tumbo kimya. Kasema maji ya leo yana ladha ya maji, raha tupu. Amerudi na njaa kama mvunja mawe.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Sasa nasoma makopo yote, hata ya kiwi cha viatu. Kocha ametoa na vipakiti vya jeli ya sukari ya wakimbiaji, kila dakika arobaini kimoja, na hivyo vinywewe na maji matupu, si na poda. Nimeandika kwenye karatasi nikabandika juu ya meza, pembeni ya karatasi ya Bonge. Mume wangu kauliza na yeye karatasi yake iko wapi. Nikamwambia yako imeandikwa osha vyombo.

Jumapili, 20 Aprili

Kilomita ishirini na nane. Sawa sawa.

Jumapili, 27 Aprili

Jaribio la mwisho.

Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Kocha alitaka kuahirisha, wifi akauliza kama siku ya mbio nayo itaahirishwa. Nilisimama kwenye tangi langu. Mzunguko wa kwanza, akavuta kidole cha Bonge. Wa pili. Wa tatu. Wa nne nilishindwa kumtazama usoni, nikatazama tumbo lake, mikono yake, kama inashuka. Haikushuka. Alichukua chupa, akanywa mafunda matatu, akanirudishia. Mwavuli niliuacha zamani, nimelowa mpaka mifupa, Bonge yumo ndani ya koti anapiga teke.

Wa tano alichelewa. Nilihesabu mpaka mia. Nikaanza tena. Kocha alikuwa anatazama kona na mimi namtazama Kocha. Kisha nikasikia viatu kabla ya kumwona, vinapiga maji, chwa, chwa, chwa, mwendo ule ule wa alfajiri. Uso wake umefunga kama mlango, macho mbele. Aliponifikia akanyoosha mkono, akakosa chupa, akaendelea.

Nikakimbia. Mimi, na mtoto mgongoni, na kandambili zangu, nilikimbia pembeni yake kama hatua arobaini mpaka nikamtia chupa mkononi. Akanywa. Akasema, "Rudi, utamwangusha mtoto." Nikarudi.

Saa mbili, dakika ishirini na saba.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyemkumbatia wa kwanza.

Jumatatu, 5 Mei

Bonge ameketi mwenyewe. Akaanguka. Akaketi tena.

Jumamosi, 17 Mei

Chupa nne ziko tayari, zimefungwa kitambaa chekundu ili azijue kwenye meza za klabu njiani. Nilichanganya mbele yake. Alisogea dirishani, akanipa mgongo, akawa anamwonyesha Bonge mvua. Nadhani alifanya makusudi, kuniacha bila kunichunga.

Jumapili, 18 Mei

Walianza asubuhi, watu mia kadhaa. Mwalimu wa chekechea ndiye safari hii aliyebeba mabegi, ila wifi alimpokonya la kwake akalibeba mwenyewe mpaka mstari wa kuanzia.

Nilikaa kilomita ya thelathini. Wanaume walipita, kisha wanawake wembamba ambao hata hawahemi, kisha watu wa kawaida wenye maumivu ya kawaida. Nikamwona. Alichukua chupa ya kitambaa chekundu bila kukosea, akanywa, akamvuta Bonge kidole, akapotea kwenye kona. Hakuna zaidi. Msimu mzima wa mvua, na kwangu ulikuwa sekunde tano.

Alimaliza saa tatu na dakika thelathini na mbili, wa kumi na tisa kwa wanawake. Picha haijabandikwa popote. Kocha alisema kwa dakika kumi za mwisho aliendesha gia ya juu kabisa na hakugusa breki. Nikampa poda ya baada ya mbio, ile ya klabu ya kuurudishia mwili nguvu, vijiko vitatu, kisu kimepita juu ya vyote vitatu. Akainywa amekaa chini ukingoni mwa barabara, miguu imenyooka mbele yake kama ya mwanasesere.

Tulifika nyumbani mvua imekatika. Mume wangu alikuwa amepika, jambo ambalo nalo lingestahili medali. Wifi akaketi mezani, medali bado shingoni, akasogeza sahani na kusema kidogo tu, wifi, kidogo tu inatosha.

Nikachukua mwiko. Nikapakua, nikapakua tena, mpaka wali ukapanda kilima na kuanza kumong'onyoka pembeni. Alinitazama, akatazama kisu kilichokuwa mezani kati yetu.

Nikakiweka kabatini.